Ramani ya Rangi kwa Boti ya Tawakali

Mbagala, Dar es Salaam
2 Juni 2024

Kaka Tawakali,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima wewe na wifi, na Mama naye awe anaendelea vizuri na mguu wake. Mimi nipo. Cherehani zote mbili zinafanya kazi, mvua zimekatika, vumbi limerudi. Jirani yangu Monika bado ananiletea uji kila asubuhi, ingawa nimemwambia siku hizi napika mwenyewe.

Simu zako naziona. Jumatatu ulipiga mara mbili, Ijumaa mara tatu. Simu ilikuwa mezani mbele yangu, nikaitazama mpaka ikanyamaza. Usinichukulie vibaya, kaka. Sauti yako ndiyo iliyoniambia habari ile, na kila simu ikiita naona kama utaniambia upya. Kwa hiyo niandikie. Ukimpa barua kondakta wa basi pale Kilwa Masoko, ataishusha stendi ya Rangi Tatu nami nitaifuata.

Nina jambo moja. Juzi nimefungua bahasha ya ada ya Hafsa, ile niliyokuwa nikimwekea kwa ajili ya chuo cha ualimu wakati akifundisha chekechea huko kwenu. Mwanangu hayupo, na chuo hakimngoji. Fedha hizo sitaki kuzila na sitaki kuziona. Nimeamua ninunue kile kifaa cha kwenye boti kinachoonyesha ramani ya bahari, chenye rangi, ukifunge kwenye boti yako. Ulisema siku ile mvua ilifunga ukapoteza njia, mkapwelewa juu ya fungu la mchanga mpaka maji yaliporudi, na Hafsa akafika hospitali akiwa amechelewa. Sitaki mtoto wa mtu mwingine achelewe kwa kukosa kioo cha kutazama.

Dukani wameniuliza maswali nikakosa majibu. Boti ina urefu gani? Ina betri? Pale unaposhikia mashine pana kivuli au jua tupu?

Mdogo wako,
Sauda


Songo Mnara, Kilwa
23 Juni 2024

Mdogo wangu Sauda,

Marahaba. Barua yako imefika, ila ilikaa Masoko siku nne kwa sababu ya Idi. Idi tumeisali salama. Mama anatembea na mkongojo mpaka kwa jirani na kurudi, na akirudi anataka asifiwe. Wifi yako anakusalimu sana, amekukaushia pweza, atampa mtu anayekuja huko.

Habari ya simu nimeelewa. Sitapiga.

Boti ni ileile ya faiba, futi ishirini na tatu. Mashine ni ya nguvu ya farasi kumi na tano, inawashwa kwa kuvuta kamba, haina waya wa kuchaji kitu. Betri hakuna. Usukani hakuna, nakaa nyuma nimeshika mkono wa mashine, juu jua, pembeni maji ya chumvi yanaruka.

Lakini si lazima, Sauda. Sisi tumekulia kwenye mikondo hii. Fedha hizo zingeweza kuezeka upya nyumba ya Mama, maana upande wa jikoni bati limetoboka. Fikiria tena.

Kaka yako,
Tawakali


Mbagala
14 Julai 2024

Kaka,

Shikamoo. Pweza nimempokea, mwambie wifi ahsante sana. Mimi mzima. Baridi ya mwaka huu imeniingia vidoleni, nashona nikiwa nimevaa soksi za mikono zilizokatwa ncha. Bati la Mama nitalituma mwisho wa mwezi, hilo lisikusumbue.

Nimekwenda dukani mara tatu. Kuna fundi pale anaitwa Stefano, amewahi kufanya kazi kwenye boti za watalii, hana haraka na mtu. Nilimwambia sina fedha ya kuchezea, nataka kitu cha bei ya chini kitakachofanya kazi. Akaniwekea vitatu mezani.

Cha kwanza kina kioo cha inchi nne, ndicho rahisi kuliko vyote. Stefano akaitafuta Kilwa. Songo Mnara yote ilikuwa doa la njano, haina mkondo wala mikoko. Akaniambia, "Hiki kina ramani ya juujuu tu, dada. Kitamwambia yuko Afrika." Kisha akakitoa nje juani, kioo kikawa cheusi, nikaona uso wangu.

Cha pili ni inchi tano, kinapokea kadi ndogo yenye ramani ya kina. Cha tatu ni inchi saba, kizuri, lakini kinakula betri, na Stefano anasema kwa boti isiyochaji yenyewe kitazimika kabla ya mchana.

Kwenye cha pili akanielekeza rangi. Nchi kavu ni njano. Maji yenye kina ni meupe. Maji haba ni buluu. Na panapokauka maji yakipwa ni kijani. Nikamwambia anionyeshe kati ya Songo Mnara na Masoko. Akaikuza ramani. Palikuwa na kijani kirefu, kama ulimi. Nikaomba kiti, nikakaa. Akadhani ni joto, akanipa maji.

Nilipomaliza kunywa akaniuliza, "Kaka yako anavua au anabeba abiria?"

"Anabeba abiria."

"Basi asitegemee ramani peke yake. Mchanga unahama, ramani haihami. Mchukulie chenye kipima kina. Kinafungwa nyuma ya boti, chini ya maji, na kinamwambia muda uleule ana mita ngapi chini yake."

Hicho cha inchi tano kipo chenye kipima kina na kipo kisicho nacho. Pamoja na betri ndogo na paneli ya sola kitakaa siku nzima. Mimi naona ndicho, ila sitaki kununua kitu ambacho mwenyewe hukukichagua. Nijibu mapema.

Sauda


Songo Mnara
30 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani nimechelewa kuandika. Bati limefika, nimelipiga misumari mwenyewe, sasa Mama analalamika kwamba mvua ikinyesha kelele zitakuwa nyingi. Mvua yenyewe bado miezi mitatu. Bashiru amenunua mashine mpya ya nguvu arobaini, siku hizi abiria wengi wanapanda kwake.

Kuhusu kifaa, kama ni lazima, basi hicho cha inchi tano. Kipima kina chukua au acha, utakavyoona wewe.

Kaka yako,
Tawakali


Mbagala
16 Septemba 2024

Kaka Tawakali,

Shikamoo. Huku Maulidi yamesomwa, nilialikwa nikaenda, nikakaa na wanawake wenzangu mpaka mwisho. Chakula kilikuwa kizuri, kila mtu alisema hivyo.

Kifaa nimekinunua. Kimo ndani ya boksi uliloletewa na barua hii, pamoja na kadi ya ramani, kipima kina chenye waya wake, betri, paneli na fyuzi tatu. Stefano amesisitiza fyuzi ifungwe karibu na betri, na kipima kina kikae mbali na mapovu ya mashine, la sivyo kitasoma uongo. Ameandika kila kitu kwenye karatasi. Lugha nimemwomba aweke Kiswahili, akasema haimo, lakini namba ni namba.

Sasa nikuulize. Jumamosi nilizungumza na Mama kwa simu ya wifi. Nikamwambia kifaa kinakuja. Mama akasema, "Kwenye boti gani? Boti ya Tawakali imepinduliwa pwani tangu tulipozika. Kuku wanataga chini yake."

Miezi saba, kaka. Umeniandikia barua mbili, umenihesabia futi za boti, umeniambia jua na chumvi, na hukuniambia huendi baharini. Wifi anakulisha kwa kitu gani? Nami nilizunguka na kile kijani kichwani nikikutafutia ukubwa wa kioo. Nimekununulia nini?

Sauda


Songo Mnara
20 Oktoba 2024

Sauda,

Marahaba. Sisi wazima. Mama ana mafua kidogo.

Boksi limefika, hakuna kilichovunjika. Nimeliweka juu ya kabati. Sijalifungua, na nitakuambia sababu, maana nimeandika barua hii mara nne na kila mara naichana.

Sikupotea.

Siku ile ya Alhamisi kulikuwa kweupe. Mvua ilikuja kweli, lakini ilikuja saa sita, sisi tukiwa tumeshakwama. Tuliondoka hapa saa mbili na robo, mimi, wifi yako na Hafsa. Alikuwa amelala chali, kichwa mapajani mwa wifi yako, amekunja magoti. Mkondo wenye kina unazunguka, kwa mashine yangu ni saa moja na nusu mpaka Masoko. Kukatiza juu ya fungu ni nusu saa. Maji yalikuwa yameshaanza kupwa. Wifi yako akaniambia, "Pita mkondoni, Tawakali." Nikamwambia najua ninachofanya. Mara ngapi nimepita pale na maji kama yale? Mara nyingi. Hafsa alikuwa anaguna kila boti ikiruka, na mimi nilikuwa sitaki kumsikia. Nikageuza.

Mashine iligusa mchanga kabla ya saa tatu. Nikaruka majini nikasukuma. Wifi yako naye akaruka. Boti ilisogea hatua tatu, ikakaa. Baada ya robo saa hapakuwa na maji ya kusukumia.

Nikampigia Bashiru, akaja kutoka Masoko. Akasimama mkondoni, ng'ambo ya tope, alikuwa peke yake na hakuweza kusogea. Nikambeba Hafsa mgongoni nimfuate. Tope likanifika mapajani, nikaanguka naye. Alipiga ukelele ambao sitauandika. Nikamrudisha botini. Tukamfunika turubai. Mvua ikaja, ikapita. Maji yalituinua saa kumi. Masoko tulimshusha akiwa bado anapumua, kabla ya magharibi akafa, kama unavyojua.

Kwa hiyo kifaa chako, hata kingekuwepo siku ile, kingenionyesha kile ambacho nilikuwa nakiona kwa macho yangu. Wifi yako anajua. Bashiru anajua. Kisiwa kizima kinajua, wewe peke yako ndiye uliyekuwa hujui. Nilikudanganya makaburini, na baada ya hapo sikuweza kurudi nyuma.

Ukitaka kifaa chako nitakirudisha kwa basi, kimefungwa kama kilivyokuja.

Tawakali


Mbagala
8 Desemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Barua yako niliipata Oktoba. Niliisoma nikiwa nimesimama stendi, kisha nikaenda kununua vifungo na zipu kama nilivyokuwa nimepanga. Kila siku nilisema leo nitaona hasira. Hasira haikuja. Nilikuwa kama mtu anayetia mkono ndani ya pipa akitafuta maji, anagusa chini pakavu. Nimeshona nguo za harusi tatu tangu hapo. Sikumbuki rangi zake.

Na mimi nina langu. Nilitaka nikae nalo mpaka nife, lakini umeshasema lako na sasa hili haliniachi nilale.

Tumbo la Hafsa halikuanza Alhamisi. Alinipigia Jumatano alfajiri. Akasema, "Mama, tumbo linauma upande wa kulia, linachoma." Nikamwambia ni mambo ya mwezi, chemsha tangawizi, unywe, ulale. Akapiga tena adhuhuri. Nilikuwa na sare za kwaya za watu, zinatakiwa jioni. Nikamwambia, "Usimsumbue mjomba wako, ana abiria wake. Vumilia." Akasema, "Haya, mama." Ndivyo alivyosema. Hakupiga tena.

Daktari aliniambia ni kidole tumbo, na kilikuwa kimepasuka kabla hamjafika. Sikumuuliza kilipasuka lini. Niliogopa atanijibu. Kama Hafsa angeondoka Jumatano, angekwenda na watu wengine mchana kweupe, kwa mkondo mrefu, bila mtu kuwa na haraka. Wewe ulikatiza kwa sababu alikuwa katika hali mbaya. Alikuwa katika hali mbaya kwa sababu yangu.

Mlikaa naye saa saba pale mchangani. Niambie alisema nini. Kama alinitaja, niambie alivyonitaja. Usinifiche tena kitu, na usiniongezee.

Kifaa usikirudishe. Fungua boksi.

Sauda


Songo Mnara
19 Januari 2025

Mdogo wangu Sauda,

Marahaba. Mama mzima, wifi yako mzima. Barua yako niliisoma peke yangu, baadaye nikamsomea wifi yako. Alitoka nje, akarudi, akasema nikuandikie mambo ya kweli tu.

Kwanza la kifaa, kisha nitakujibu.

Wifi yako mwenyewe alimleta fundi wa sola kutoka Masoko, bila kuniuliza. Kijana anaitwa Alex. Tuliigeuza boti watu sita. Palikuwa na mayai kumi na moja, na kuku mmoja alikataa kuondoka, akabebwa. Alex alifunga paneli mbele, betri ndani ya ndoo yenye mfuniko, fyuzi karibu na betri kama karatasi ilivyosema. Kipima kina kwanza kilisoma uongo, tukakishusha, kikanyooka. Kioo juani kinasomeka. Hapo Stefano hakukudanganya.

Tarehe kumi na moja nilibeba abiria saba. Mmoja alikuwa Mzee Likwata, anakwenda kuchukua dawa zake za presha. Tulipofika penye fungu maji yalikuwa yamejaa. Kile kijani hakipo tena pale kilipochorwa, fungu limesogea kusini karibu mita mia mbili, kwenye ramani nilikuwa napita juu ya mchanga na chini kipima kina kinasoma mita nne. Mzee Likwata akasema, "Katiza hapa, Tawakali, maji tele." Kweli yalikuwa tele. Mtoto mdogo angepita. Mkono wangu haukugeuka. Nikazunguka mkondo mrefu. Wakanung'unika mpaka Masoko, kila mmoja alikuwa na shughuli zake. Sikuhisi kitu, Sauda, si hofu wala nafuu. Nilitazama namba tu.

Sasa la Hafsa.

Aliomba maji, tukamlowesha midomo. Aliuliza nyanya yake amebaki na nani. Alimwomba wifi yako amfunike miguu kwa sababu Bashiru anaangalia. Aliniuliza maji yatarudi saa ngapi. Nikamwambia saa nane. Nilijua si saa nane. Ilipofika saa nane akaniuliza tena, nikamwambia bado kidogo. Hakuuliza mara ya tatu. Baada ya hapo alisema maneno ya homa, ya shule, watoto wake wa chekechea, nani hajaleta kalamu.

Wewe alikutaja mara moja. Mvua ilipoanza alisema, "Mama huwa anaanua nguo mapema." Basi. Hakusema alikupigia. Wifi yako alimuuliza kabisa, "Tumbo limeanza lini?" akajibu, "Jana, lakini sikumwambia mtu." Alikuwa na saa saba za kutuambia, na hakutuambia. Mpaka nilipopokea barua yako sikujua.

Nimekuandikia kama lilivyokuwa.

Tunasoma hitima ya mwaka mwisho wa Februari, kabla ya mwezi wa Ramadhani. Njoo. Nitakuwa Masoko mwenyewe kukupokea. Ukipenda kupanda boti ya Bashiru, nitaelewa.

Kaka yako,
Tawakali


Mbagala
16 Machi 2025

Kaka Tawakali,

Shikamoo, na funga njema. Nilifika salama, basi lilichelewa Somanga lakini tulifika. Msalimu Mama. Mwambie wifi ule mkeka alionipa nimeutandika chumbani, si sebuleni, ili watu wasiukanyage.

Pale njiani, kwenye boti yako, hukuniuliza kitu nami sikukuambia kitu, kwa hiyo nikuambie sasa. Nilipokuomba usimamishe boti pembeni ya fungu, maji yalikuwa yamepwa kabisa. Nilishuka nikidhani miguu itakataa. Haikukataa. Nilitembea mpaka katikati. Mchanga ulikuwa mgumu, una mistarimistari, na kulikuwa na wanawake watatu na vyuma vyao wanatafuta pweza. Mmoja akaniamkia, "Habari za kwenu?" Nikamjibu nzuri. Akaniuliza kama nimepoteza kitu, nikamwambia hapana, natembea tu. Wakaendelea na kazi zao. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima kuona mahali pale, na pale palikuwa mchanga. Nikaosha miguu, nikapanda. Wewe ulikuwa unatazama kioo, namba haikubadilika kwa kuwa tumesimama, na bado ulikuwa unaitazama.

Kwenye hitima sikulia. Uliona. Watu walisema nimejaliwa subira, nami nikaitikia.

Jana nilikuwa na gauni la Idi la mtoto wa mteja, miaka tisa, kitambaa cha zambarau. Mama yake amekaa anasubiri. Nimepiga chaki, nimeanza kukata mkono wa kushoto, mkasi ukasimama. Nikasikia sauti inatoka kwangu, kaka, na sikuijua kuwa ni yangu mpaka yule mama alipoinuka. Alidhani nimejikata. Nililia mpaka akaondoka. Monika alikuja akanikuta sakafuni, akafunga mlango wa duka, akakaa nami. Niliendelea mpaka adhana ya magharibi. Tukafuturu hapohapo chini, tende na uji, nikala mabakuli mawili.

Leo asubuhi nimemaliza gauni. Mkono wa kushoto ulikuwa umekatwa vibaya kidogo, nimeufanyia marinda na sasa unaonekana kama ulikusudiwa. Yule mama amekuja kulichukua. Mtoto alilivaa palepale, akazunguka, akauliza kama anaweza kwenda nalo nyumbani akiwa amelivaa. Nikamwambia nenda nalo.

Mdogo wako,
Sauda